Urefu wa Kamba

Taa ya chungwa inawaka, asilimia haipandi.
Nimegeuza plagi, nimebadili tundu,
nimeazima chaja ya Mwanahawa wa steshenari:
saba. Ileile saba tangu alfajiri.

Fundi Shekalaghe, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
akaichomoa betri, akailaza mezani,
akaisukuma kwa kidole kimoja.
Ikazunguka kama pia.
"Imevimba, mwalimu. Iliyo bapa haizunguki."

Mpya hadi itoke Dar,
na bei yake nusu mshahara.

Basi nimeketi sakafuni, mgongo ukutani,
laptopu haina tumbo, inanyonya waya,
nachapa mtihani wa Kidato cha Pili
mbuzi mie, kwa urefu wa kamba yangu.
Swali la tisa: Eleza maana ya

Giza. Makorora nzima.