Salio la Mia Nane

Mimi hushona maturubai ya malori.
Mahindi ya Kitale, saruji ya Athi River, vitunguu vya Loitokitok,
vyote vimelala chini ya mshono wangu
na hakuna aliyewahi kurudi kusema asante.

Nyaguthii alikuja Februari, saa saba mchana,
lami ya barabara ya Kirinyaga ikinata kwenye soli,
akasema anataka kifuniko cha sleji.
Nikamuuliza: sleji ni ya tani ngapi?
Hakucheka. Akachora kwa chaki sakafuni
kitu mfano wa mtumbwi uliokosa mto,
kamba mbili, mkanda wa kiunoni.
"Na punda?"
"Punda ni mimi."

Anafundisha jiografia Makadara.
Miaka kumi na minne amewaonyesha watoto ncha ya dunia
kwa fimbo, kwenye ramani iliyochanika papo hapo juu.
Sasa amekopa chama cha walimu:
wataabiri yoti ya matanga hadi Grinlandi,
watie nanga kando ya barafu, wapande milima kwa skii,
kisha wateleze mpaka baharini.

"Futi hamsini na mbili," akasema, "watu tisa."
Nikachukua futikamba nikaipima hiyo yoti barabarani:
kutoka cherehani yangu, nikampita Odera wa betri,
nikaishia mlangoni pa muuza spea za Isuzu.
Hapo tu. Wiki sita.
Nami nilishindwa kuishi chumba kimoja na dada yangu.

Akanionyesha ngozi ya kubandika chini ya skii,
manyoya yake yamelala upande mmoja.
Ukipapasa kwenda mbele, laini kama shavu la mtoto.
Ukirudi nyuma, yanakukamata kiganja.
Nilirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika.
Natamani baadhi ya miaka yangu ingebandikwa hiyo.

Nikashona mara mbili, uzi nimeupaka nta.
Akalipa, akabakiza mia nane. "Nikirudi."
Nikasema moyoni: hizo nimeshazizika.

Mvua za Aprili zikaja na mafuriko yake.
Siku moja nilitia mkono kwenye friza ya bucha
nihesabu hadi sitini. Arobaini na moja nikautoa.
Mwenye bucha akaniuliza kama nanunua maini
au natubu.

Julai, ule ubaridi wetu wa mawingu,
mji mzima umejifunga makoti na kulalamika,
akaingia amevaa mikono mifupi.
Pua imebambuka. Kucha mbili za mguuni, anasema, hazipo.
Akaliweka turubai mezani. Lilinuka mafuta ya taa,
chumvi imelichora mistari kama daftari.
Limechanika shubiri moja, kando kabisa ya mshono.
Mshono wenyewe haukufunguka. Nilitazama hilo kwanza,
Mungu anisamehe, kabla ya kutazama uso wake.

"Mlifika vileleni?"
"Viwili. Cha tatu, ukungu. Mita mia mbili zimebaki, tukageuka.
Nahodha alipika maharagwe. Hakuna aliyesema neno."

"Na kuteleza?"
"Nilianguka mara thelathini na moja. Niliandika.
Wahenga wanasema kuteleza si kuanguka.
Wahenga hawakuvaa skii."

Halafu akanyamaza, kidole kikifuata mstari wa chumvi.
"Siku moja, kutoka juu, niliona yoti pale chini,
ndogo kama njiti ya kiberiti.
Nikasema: ile ni cherehani, yule ni Odera,
mlango ule ni wa spea. Nikapumua, nikashuka."

Dereva wa Malaba alikuwa akipiga honi, turubai lake halijaisha.
Nyaguthii akahesabu mia nane, noti kwa noti.
Nikazipokea zote. Biashara ni biashara.
Kisha nikamvutia kigoda,
nikatia uzi sindanoni kwa ajili ya kiraka,
nikamwambia arudi nyuma kidogo:
ule mlima wa tatu,
huo ukungu ulikuwa na rangi gani?