Hesabu ya Kaswera

Tulipatana elfu ishirini,
mlangoni, kwa mdomo tu,
yeye ndoo mkononi, mimi chai mkononi:
vyumba vitatu, koridoo, madirisha manne
yaliyopakwa jivu
tangu wiki ile mlima ulipoamka vibaya.

Jioni akanipa kipande cha katoni.
Alikuwa ameandika kwa kalamu ya mwanangu:

Sabuni ya unga, pakiti tatu.
Maji, bidoni tisa.
Madirisha, na upande wa nje.
Harufu, elfu nane.
Jumla, elfu thelathini na sita.

Mimi ni fundi wa saa. Pale Birere, kibanda cha bluu,
watu hunilipa nione jino moja lililovunjika
kwenye gurudumu dogo kuliko punje ya mtama.
Bidoni tisa? Mwenye chukudu alishusha saba.
Nilizihesabu kwa mlio, nikiwa ndani,
kila moja ikigonga mawe meusi ya uani.
Na harufu, mama,
harufu siku hizi mnapima kwa kilo au kwa mita?

Majirani wakacheka.
Nilikipenda kicheko chao, nikapandisha sauti.
Kaswera alikuwa anakamua tambara.
Aliendelea kulikamua
hata lilipokwisha kutoa maji.

Tukaenda kwa shefu wa avenyu.
Mzee Bitasimwa alikuwa mezani;
akanawa mkono mmoja, akavaa miwani,
akaishika ile katoni mbali na sombe.
"Mapatano bila karatasi ni vita vinavyosubiri mvua ikatike.
Lakini, mama, hii harufu ni kitu gani?"

Kaswera akajibu akitazama viatu vyangu:
"Chumba cha nyuma, shefu.
Kile alichonionyesha kwa kidole, yeye akabaki koridoo.
Godoro la mgonjwa lilikuwa bado chini.
Beseni lilikuwa pale, na kilichomo kimekaukia mule.
Kitana kilikuwa na nywele nyeupe.
Nilisugua simenti mara nne, kitenge puani.
Mara ya tano nilikitoa kitenge,
nijue kama imetoka.
Hakuniambia mama yake alifia mule.
Angesema, ningetaja bei asubuhi.
Njo vile tu."

Sitasema nililia.
Nilitazama saa ya ukutani ya shefu:
ilikuwa nyuma dakika kumi na moja,
na kwa mara ya kwanza maishani mwangu
sikumwambia mwenye saa.
Tangu mwezi wa tano natengeneza saa za watu
na sijagusa kitasa cha mlango ule.
Nilikuwa nimetafuta mtu wa kuufungua
kwa bei ya kupangusa vumbi.

"Harufu nitalipa," nikasema. "Bidoni ni saba."
"Tisa."
"Saba. Nilihesabu."
"Mbili nilichota kwa jirani, giza linaingia. Muulize."
Tukamgeukia jirani, yule yule aliyecheka zaidi.
Alikuwa ameanza kulichunguza bati la paa la shefu
kama mtu anayetaka kulinunua.

Nikahesabu elfu thelathini na nne.
Kaswera naye akazihesabu, polepole, noti kwa noti,
akairudisha moja iliyochanika, nikambadilishia.

Chumba cha nyuma kinanuka sabuni sasa.
Naacha mlango wake wazi usiku kucha.
Hapana, huo ni uongo: nusu.
Kitana nilikikuta dirishani, kimeoshwa,
na zile nywele zimefungwa kwenye karatasi,
kazi ambayo haikuandikwa kwenye katoni.

Lakini saba ni saba.
Kila Jumatano Kaswera hupita mbele ya kibanda changu
na ndoo yake kichwani.
Hanisalimu.
Hunyanyua vidole viwili,
nami, lupu jichoni, nikijifanya sioni,
namnyanyulia saba.