Mchanga Usiosema Neno

Klaipėda, Februari. Barafu kwenye dirisha,
na Ugnė, miaka saba, katua mfuko mezani
kwa kishindo cha mtu aliyekwisha kuamua:
changarawe za waridi, zinang'aa kama peremende,
kilo tano, akiba yake yote ya Krismasi.

Nikachukua moja. Nikaisugua ndani ya mdomo wa chini,
pale palipo laini.
Ikanikwaruza.
"Mama, unakula mawe?"
Hapana. Nimekuwa kambare kwa muda kidogo.

Maana wale sita tuliowaagiza kwa Bwana Zenonas,
wadogo, hawafiki kidole gumba,
chakula hawakioni, wanakipapasa;
sharubu zao ndizo mikono, ndizo pua, ndizo taa.
Kutwa uso chini, wanaiuliza ardhi maswali.
Wape ardhi yenye meno, na baada ya mwezi
watabaki na vishina vyekundu
na njaa katikati ya chakula.

Nilimwambia hivyo. Alilia hata hivyo.

Ndipo nikakumbuka kopo la kahawa juu ya kabati,
mchanga wa Juodkrantė, alioubeba kaka yangu Algis
mwaka ule wa mwisho aliotembea bila fimbo.
Laini kama unga. Nikasema moyoni: huu.
Huu utawafaa, na Algis atapata kazi tena.
Nikamimina kijiko kimoja kwenye kisosi,
nikadondosha siki,
nikainamisha sikio.

Ssss.

Vipovu vidogo, vyeupe, vikipanda vikipasuka.
Makombe yaliyosagika, chokaa ya konokono
waliokufa kabla babu zetu hawajapewa majina.
Tangini ingeyeyuka polepole,
leo kidogo, kesho kidogo,
maji yakawa magumu, samaki wa maji laini wakabanwa,
na nisingejua nani kawabana.
Nililifunga kopo.
Nililifuta vumbi kwanza, sijui kwa nini, kisha nikalirudisha.

Tukaenda duka la vifaa vya ujenzi.
Kati ya saruji na vigae, gunia la mchanga
wa kuchujia maji ya mabwawa ya kuogelea:
kijivu, chembe za mviringo, bei ya mikate miwili.
Muuzaji akauliza bwawa letu lina ukubwa gani.
"Lita hamsini na nne," Ugnė akajibu, bila kucheka.

Siki juu yake: kimya.
Nikangoja. Kimya.
Sijawahi kufurahia kutojibiwa namna ile.

Tukauosha kwenye hodhi la kuogea.
Mara ya kwanza maji yalikuwa chai ya maziwa,
ya tano, ukungu,
ya tisa niliacha kuhesabu, mgongo ukahesabu wenyewe;
ya mwisho niliziona kucha zangu chini.
Kina cha vidole viwili tu, si zaidi,
maana mchanga mnene hubana pumzi yake,
na siku ukiuchokoa hutoa harufu ya yai viza.
Wiki tano tangi likakaa bila samaki,
maji yakijifunza kuwa maji.

Na zile za waridi? Ziko kwenye chungu cha urujuani.
Ugnė amezipanga mwenyewe, moja moja,
akiniangalia, nijue hajasamehe.

Lakini jana usiku, taa ya jikoni imezimwa,
nilimkuta amepiga magoti mbele ya kioo.
Kambare mmoja alitumbukiza uso hadi machoni,
akatafuna, akatikisika,
na mchanga ukamtoka kwenye matamvua,
moshi mwembamba wa kijivu, kushoto na kulia.
"Anapumua ardhi," akasema.
Nilitaka kumsahihisha.
Nikaketi sakafuni kando yake, miguu baridi.
Jikoni bado kunanuka siki.