Maji ya Kona

Mikono ya Fakihi Nantonda naijua kuliko yangu.
Miaka kumi na mmoja nimeifunga bandeji,
kidole kwa kidole, gumba mwisho,
yeye macho juu, akihesabu mabati.

Ilikuwa imeungua kabla ya kuvaa glavu.
Mama yake alibangua korosho kwa kipimo, kule Newala,
na mtoto wa miaka saba alikaa naye mekoni
mafuta ya ganda yakimla ngozi.
"Ngumi haitaniuma," aliniambia siku ya kwanza,
"nimeshaumwa na korosho."
Begi letu lilikuwa gunia la maganda
nyuma ya gereji ya Chipojola, Chikongola.
Kila alipolipiga lilitema vumbi.
Tulirudi majumbani weusi kama wachoma mkaa.

Halafu Dar. Raundi ya tisa.
Yule bingwa wa watu alishuka taratibu
kama mtu aliyekumbuka ghafla kwamba amechoka.
Mtwara haikulala.
Mkubwa mmoja akaahidi kiwanja Shangani,
mabati mia, saruji juu yake.
Kiwanja hicho nakifahamu:
kimo ndani ya hotuba.

Mkanda aliutetea mara nne.
Ya tano, taulo lilikuwa begani mwangu
na nilimwona magotini kabla hajapiga goti.
Taulo lilibaki begani.
Hapo msiniulize zaidi.

Baadaye alianza kutia chumvi kwenye chai.
Akaniita kwa jina la kaka yake, Mfaume, marehemu,
nikaitika;
kukataa kungekuwa kumzika Mfaume mara ya pili.
Kikombe kikawa kinacheza juu ya kisahani.
Mkanda ukalala kwa muuza vipuri, rehani ya gunia la mchele,
na kijana wa dukani akafungia nao mtungi wa gesi
nyuma ya bodaboda.

Alipata lindo kwenye ghala, msimu hadi msimu.
Usiku ule magunia sita yalipungua.
Wapakiaji walitaka jina,
na jina lililokuwa karibu
lilikuwa la mlinzi.

Polisi wameandika: alianguka.
Daktari wa Ligula ameandika kirefu zaidi,
kwa mwandiko usiosomeka.
Bi Somoe, muuza uji wa alfajiri pale langoni,
hakuandika kitu. Alinishika mkono, akasema:

Hakurusha hata ngumi moja.
Aliinamisha kichwa, viwiko mbavuni, akapokea.
Kisha mtu akagonga lile ringi la lori, kuita watu,
na Fakihi akawapa wote mgongo,
akaenda pembeni,
akakaa juu ya gunia,
akafungua mdomo,
akasubiri.

Bi Somoe hajui alisubiri nini.
Ndoo ilikuwa yangu. Kitambaa kilikuwa changu.
Usiku ule nilikuwa nimelala.

Sasa diwani yuko nje na kipaza sauti,
ameshautaja mkanda mara saba.
Ndani, nyuma ya shuka, tuko watatu:
mimi, Bakiri, na yeye ubaoni.
Vidole vilikuwa vimekunjana. Nimevinyoosha
kimoja kimoja, gumba mwisho.
Nimechota kwa kata, nikammiminia usoni polepole,
kama zamani, tulipokuwa na dakika moja tu.
Mengine yakaingia mdomoni, yakamwagikia shavuni.
Bakiri akashtuka, akataka kufuta.
Mwache, nikamwambia.
Anasukutua.