Katikati ya Lami

Miaka ishirini na sita naijua barabara hii
kwa ukingo wake tu:
pale lami inapomeguka kama mkate wa juzi,
kokoto, mbigili, vifuniko vya soda,
na kivuli cha lori kinachofika kabla ya lori lenyewe.
Honi moja, nashuka.
Honi mbili, nimeshashuka.
Toka Nkuhungu hadi Area C maziwa yanatikisika
mpaka yanakaribia kuwa siagi,
na Mama Ndahani wa mgahawani hulipa bei ya maziwa.

Jumapili wakafunga.
Kamba ya njano toka mzunguko wa Bahi
hadi huko mbele kusikoonekana,
askari mmoja amekalia jiwe, anamenya karanga.
Wakanibandika namba kifuani, 417,
kwa pini nne, mojawapo ikanionja.
Kijana wa kipaza sauti akauliza:
Mzee, na madumu hayo?
Nikamwambia, baiskeli hii haijui kwenda tupu.
Ukiivua mzigo inayumba, inatafuta mtaro.
Nimeijazia maji, lita arobaini, ili itulie.
Akatangaza. Umati ukacheka,
nami nikacheka, nimechelewa kidogo.

Tukaondoka.
Mwezi wa saba, upepo unakata masikio.
Masista watatu, vitambaa vya kichwa
wamevibana kwa vibanio vya kuanikia nguo.
Bwana mmoja mwenye miguu ya ofisini
ambayo haijaliona jua tangu shule.
Mtoto asiye na breki; ndala yake ndiyo breki.
Na sauti, hiyo ndiyo iliyonishtua:
minyororo mia kwa mia,
kama mvua inayokuja ikipita juu ya mtama mkavu.
Mtu akikohoa Majengo, unamsikia.

Nami bado ukingoni.
Hakuna aliyenituma. Gurudumu lenyewe
lilishika kokoto kama punda ajuaye kwao.
Nikasikia gari nyuma. Hakuna gari.
Nikasikia tena. Hakuna.
Shingo ikauma kwa kugeuka.

Ndipo binti mmoja wa chuo, Sechelela,
helmeti ya kuazima imemfunika nyusi,
akapunguza mwendo ubavuni kwangu:
Mbukwa, baba!
Mbona unapita uani na mlango wa mbele uko wazi?

Nikavuka mstari mweupe.
Niseme kweli, niliogopa.
Kumbe katikati lami ni laini.
Kumbe mlima wa Mlimwa huonekana wote,
siyo nusu, siyo nyuma ya basi.
Kumbe barabara ina mgongo,
na mvua ikinyesha, maji hugawana hapa,
haya huku, yale kule,
kisha yote yananijia mimi pembeni.

Watoto wakanywa. Dumu la kushoto kwanza;
baiskeli ikaegemea kulia, nikapiga kelele:
na la kulia, nyie, na la kulia!
Masista wakanywa kwa kifuniko, kwa zamu.
Bwana wa miguu ya ofisini akaosha goti lililochubuka,
akauliza bei.
Nikamwambia, bei iko kwenye maziwa. Maji ni ya Jumapili.
Tulipofika Chinangali madumu yalikuwa matupu,
yanagongana kama vichaa,
na baiskeli haikuyumba.
Nimemuuliza fundi Masima. Anasema upepo ulikuwa umeacha.

Saa sita wakakunja kamba.
Gari la kwanza likapita polepole,
kama mtu aliyeingia kanisani kwa kuchelewa.
La pili halikuwa na aibu.

Jumatatu, kabla jogoo hajamaliza,
maziwa lita arobaini,
honi moja, nimeshuka.
Kokoto. Mbigili. Vifuniko.
Pini nne bado ziko kwenye shati, sijazitoa.
Na mguu wa kulia, kila ukikanyaga pedali,
unavuta kidogo kuelekea katikati,
naurudisha,
unavuta.