Kwa Niaba Ya

Jumatatu, saa mbili asubuhi, Klaipėda.
Kampuni inayopeleka joto majumbani
haina joto ofisini kwake.
Nimevaa glavu zilizokatwa vidole
ili niweze kubofya.

Tiketi ya kwanza: Gintarė, dawati la malalamiko.
Kila akijibu barua kutoka sanduku la pamoja
barua inamrudia usoni:
huna ruhusa ya kutuma kwa jina hili.
Chini yake ameniandikia kwa herufi kubwa:
KWANI MIMI NI NANI HAPA?

Swali zuri. Fomu yangu haina pa kulijibu.
Ina visanduku vitatu tu.

Cha kwanza: afungue, asome.
Zamani nilidhani kusoma kunatosha.
Lakini msomaji asiye na kinywa
ni mlinzi wa getini,
anajua nani kaingia na kalia nini,
na hana la kumwambia.

Cha pili: atume kwa niaba ya.
Hapo jina lake litatangulia,
Gintarė Vaitkutė kwa niaba ya Malalamiko,
kama mshenga anayebisha hodi
akajitaja kabla ya kuwataja waliomtuma.
Mjumbe hauawi, ni kweli,
ila katika mji huu, bomba likipasuka,
hupigiwa simu nyumbani saa sita usiku.

Cha tatu: atume kama.
Hapo Gintarė anafutika.
Yanabaki Malalamiko yenyewe, yanasema,
hayana umri, hayana mafua,
hayana mtoto wa kumchukua chekechea saa kumi.
Meneja Vaidotas anakipenda hiki.
“Mteja asijue tuko wangapi.”
Tuko watatu.

Wa nne alikuwa Aldona.
Miaka kumi na tisa, na hakuwahi kuomba ruhusa ya mtu:
nenosiri lake lilikaa chini ya kibodi
kwenye kipande cha bahasha,
na yeyote aliyekalia kiti chake akawa Aldona.
Tangu Novemba yuko chini ya udongo ulioganda.
Juzi nilipekua kumbukumbu za seva.
Wiki iliyopita ametuma barua nne.

Sikupiga kelele. Nilishuka ngazi.
Gintarė hakukana. Akanigeuzia skrini:
bwana Steponas, ghorofa ya tano, mjane,
kila siku anaandika joto la sebule yake.
Mpendwa Aldona, leo kumi na nne.
Mpendwa Aldona, kumi na tatu na nusu,
paka amehamia ndani ya kabati.
“Nikimjibu kwa jina la Malalamiko, hanijibu.
Na yeye akinyamaza siku mbili,” akasema,
“nani atajua kama bado anapumua?”

Sheria ninaijua. Nimeiandika mimi.
Nikafunga akaunti ya Aldona saa tano na dakika kumi,
na mkono wangu, nakiri, ulikuwa mzito
kuliko barafu ya dirishani.
Kisha nikaweka tiki kwenye cha pili.
Si cha tatu. Vaidotas atauliza, na mimi nitasema
mfumo ulikataa.

Ruhusa huchukua saa nzima kusambaa.
Saa hiyo hakuna aliyekuwa na jina.
Gintarė alikaa amekunja mikono,
barua yake imeandikwa, haijatumwa,
mistari mitatu: Aldona amefariki,
samahani tumechelewa kukwambia,
fundi anakuja Jumatano.

Jibu likaingia jioni, baada ya sisi kuvaa makoti:

Mpendwa Gintarė Kwa Niaba Ya Malalamiko,
una jina refu.
Nilishajua kuhusu Aldona. Yeye hakosei nukta.
Leo kumi na tano.

Nikafunga tiketi.
Asubuhi yake nikafungua nyingine, ya kwangu:
nakala za alizotuma zimebaki folda ya Gintarė peke yake,
na mwenzake, bila kuziona,
amemtumia mzee huyohuyo
pole ya pili.