Matunda Mengine

Dirisha la tatu, ofisi ya forodha, Mtwara.
Feni inazungusha joto lile lile.
Nimeshuka na gari la alfajiri kutoka Kitangari,
maboksi kumi na moja, kilo mia moja na kumi,
vumbi la Newala lingali kwenye kucha.

"Bidhaa?" anauliza Hokororo bila kuinua uso.
Nasema: kochoko.
Kalamu inasimama.
Dirisha la pili wanacheka, la nne wanageuka.
"Mama, unataka kupeleka gongo Uholanzi?"

Nimeze nini, niteme nini?
Kochoko ndilo jina nililolikuta nyumbani,
na ni kweli, mama alipika,
sare yangu ya darasa la kwanza ilitoka kwenye pipa lile,
ikanuka moshi mwaka mzima.
Lakini hili, baba, halijachachuka.
Tumeliokota asubuhi ile ile lilipodondoka,
tumeliosha kwa maji ya kununua, ndoo shilingi mia tano,
tumelikata, tumelilaza chini ya neti
juu ya bati la Bi Somoe Nannundu, siku sita,
kwa zamu, tukifukuza kuku, tukikemea wingu.
Korosho yake imeshakwenda mnadani,
ina ghala, ina mlinzi, bei yake inasomwa redioni.
Hili ndilo tulilokuwa tukilikanyaga.

Anafungua kitabu cha ushuru, kinene kama tofali.
Tende imo. Tini limo. Nanasi, embe,
hata parachichi lina mstari wake.
Bibo halimo.
Kidole kinashuka, kinarudi, kinashuka tena,
kinatua penye sifuri nane kumi na tatu, nukta, arobaini:
*matunda mengine, yaliyokaushwa.*
"Hapa ndipo mlipo," anasema, sasa kwa upole,
kama mtu aliyekupatia kigoda msibani.

Nchi ya asili?
Naandika Tanzania. Nafasi inabaki,
naongeza: *nyuma ya msikiti wa Kitangari.*
Ananipa fomu nyingine.

Thamani? Hapo nanyamaza.
Utatajaje bei ya kitu
ambacho jana mbuzi alikula bure?

Kisha Adelina Mnali wa afya ya mimea,
koti jeupe, kurunzi, mkasi uliofungwa kwa kamba.
Anapima unyevu: umepita.
Anagonga mbao za chini, anatafuta muhuri wa moto: upo.
Boksi la kwanza, la nne, la sita.
La saba, anainama.
Anamtoa kwa ncha ya kalamu:
fukusi, mdogo kuliko nukta ya hati,
anatembea.

"Mmoja tu," nasema.
"Huku ni mmoja. Kule ni mzigo mzima.
Wataunguza, au warudishe kwa gharama zenu,
na watakachoandika ni jina la nchi,
si la fukusi."
Cheti anakirudisha kwenye droo.
Sina la kumjibu. Ningekuwa yeye
nami ningeinama kwenye boksi la saba.

Tandahimba inapita dirishani, mikorosho na mikorosho,
chini yake mabibo mekundu, ya njano,
nyuki wamelewa kabla yetu.
Napiga hesabu: nauli kwenda, nauli kurudi,
neti mpya, mifuko isiyopitisha pumzi.
Hesabu haitaki kulala.

Bi Somoe amekaa kizingitini, hajavua kitenge cha jikoni.
Anayaona maboksi, anayahesabu kimya,
kumi na moja.
"Wamelikataa bibo letu?"
"Hapana," namwambia. "Wamelipa..."
"Wamelipa!" Ameshasimama, ameshaita majirani,
mkono u hewani, kigelegele kimefika kooni,
na mimi bado nina neno moja mdomoni,
silitemi:
namba.
Wamelipa namba.